Kabla Hamjachanga, Semeni Ninyi ni Nani

Wanangu, jambo hili nimelisema barazani, nimelisema msibani, nimelisema hata harusini watu wakisubiri pilau, na kila mara vijana huitikia "sawa mzee," kisha huenda wakafanya vilevile. Sina hasira. Uzee humaliza hasira kabla haujamaliza meno. Ila nimechoka kuitwa kusuluhisha ugomvi ambao ungezuiwa na ukurasa mmoja wa daftari, kwa hiyo leo nitalisema polepole. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mahakama, na karani husikia kesi zote bila kulipwa kuzisikiliza.

Watu kumi au kumi na wawili wanakutana, wanachanga, wanajiita klabu. Wanatafuta jina, wanachapisha fulana, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hakuna anayeuliza kama wamekutana ili wafurahi pamoja au wapate faida pamoja. Akitokea wa kuuliza huambiwa analeta mkosi. Basi sheria nayo huanzia hapohapo. Waliokutana kwa ajili ya mchezo, muziki, mazoezi, kahawa au kuzikana ni klabu. Wanaofanya biashara kwa pamoja wakitafuta faida ni wabia, hata kama hawajaandikiana chochote, na hata kama fulana zao zimeandikwa "klabu" mgongo mzima.

Haya si ya kwangu. Kwa Tanzania Bara yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuanzia kifungu cha 190: ubia ni uhusiano uliopo baina ya watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Waingereza walikwisha kuyaandika hivyo katika sheria yao ya ubia ya mwaka 1890. Sisi, kabla ya kutunga sheria yetu mwaka 1961, tulikuwa tukihukumiwa kwa sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo mkoloni aliivusha bahari kama alivyowavusha makarani wake. Wakenya wana sheria yao ya ubia ya mwaka 2012, na Wazanzibari wana vitabu vyao. Tazameni kilichotajwa: biashara, pamoja, faida. Mhuri haukutajwa, wala jina, wala karatasi yenye sahihi. Hakimu hatakesha akitafuta mlijiitaje. Atauliza mlikuwa mkifanya nini, na fedha iliingia mfukoni mwa nani.

Zitazameni hizi klabu za jogging zilizojaa Dar es Salaam. Jumapili alfajiri wanakimbia na kuimba barabarani, magari yanawapisha, wakirudi wanakunywa supu. Wanatoa ada kila mwezi. Mmoja akifiwa, wenzake wanabeba jeneza na kuchanga rambirambi. Hiyo ni klabu, na ni kitu kizuri, ninyi wa leo mmekipata bila kufundishwa na mtu. Halafu siku moja anasimama mjanja mmoja na kusema: fedha iliyolala kwa mweka hazina tununue viti, maturubai na spika, tukodishe kwenye shughuli. Wazo si baya. Klabu inaweza kuwa na mradi, na mapato ya viti yakirudi kwenye mfuko wa klabu yakanunua fulana mpya na kusaidia wafiwa, bado mko mlipokuwa. Lakini kama kila Jumapili jioni fedha ya viti inagawanywa kwa vichwa, huyu elfu kumi na tano, yule elfu kumi na tano, basi katika biashara hiyo ya viti mmekuwa wabia, na hakuna aliyewatangazia.

Nisieleweke vibaya. Kumiliki kitu pamoja peke yake hakuwafanyi wabia. Ndugu wawili waliorithi nyumba ya baba yao na kugawana kodi si lazima wawe wabia. Kinachoangaliwa zaidi ni kugawana faida, yaani kile kinachobaki baada ya gharama. Hapo ndipo mahakama huanza kuwaona kwa jicho jingine, na mwenye kukataa hujikuta na kazi ya kueleza.

Sasa mtaniuliza, tukiwa wabia kuna ubaya gani? Hakuna. Wajomba zenu wengi walijenga maduka kwa ubia. Ubaya uko katika kuwa mbia bila kujua, kwa sababu deni nalo halijui kwamba hukujua.

Tukae kidogo kwenye deni. Katika ubia kila mbia ni wakala wa wenzake. Mmoja wenu akienda Kariakoo akachukua jenereta kwa mkopo kwa ajili ya biashara yenu, hakujikopea peke yake, amewakopea wote. Ulikuwa umelala au ulikuwa Singida ukimwuguza mama, hayo ni yako. Mwenye duka hana wajibu wa kujua kwamba wiki iliyopita mligombana, ilimradi alichokopesha kinaendana na biashara mnayoifanya na hakujua kwamba mwenzenu hana ruhusa. Na fedha ya biashara ikikauka, deni halikauki nayo. Linatoka kwenye sanduku la biashara na kuingia kwenye mali ya mtu mmoja mmoja. Mdai mwenye akili hamfuati asiye na kitu. Anamtafuta mwenye nyumba, mwenye bodaboda tatu, mwenye mshahara wa serikali. Huyo akishalipa lote ndipo aanze kuwasaka wenzake wampe sehemu zao, na mnajua simu zinavyozimika siku kama hizo. Kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakuzuii haya. Jina la biashara ni jina tu. Nyuma yake mko ninyi wenyewe na mali zenu. Anayetaka ukuta baina ya deni la biashara na nyumba yake aende akasajili kampuni.

Mwanachama wa klabu hakabwi hivyo. Ametoa kiingilio, anatoa ada, na hapo wajibu wake wa fedha umekwisha, isipokuwa katiba ya klabu ikisema vingine au yeye mwenyewe akijitia. Mahakama za Uingereza zililiamua jambo hili zamani sana. Mwaka 1836, katika kesi ya Flemyng na Hector, klabu moja ya watu wa siasa mjini London ilikuwa imeletewa bidhaa kwa mkopo. Mdai akamshika mwanachama mmoja, Hector, kwa hoja nyepesi: klabu inadaiwa, wewe ni wa klabu, lipa. Lord Abinger, aliyekuwa mkuu wa majaji wa mahakama ile, hakukubali. Wanachama, alisema, walikwisha kutoa fedha yao mbele ili kamati inunue kwa fedha hiyo. Hawakuipa kamati ruhusa ya kukopa kwa majina yao. Anayetaka kumbana mwanachama aonyeshe kwamba mwanachama huyo aliagiza mwenyewe au aliruhusu kuagizwa.

Mwaka 1903 ikaja nyingine, kutoka New South Wales kule Australia hadi Privy Council, chombo kilichokuwa kikisikiliza rufaa za makoloni. Mdhamini wa klabu alikuwa ameingia mkataba wa pango la jengo kwa niaba ya klabu. Mzigo ulipokuwa mkubwa, akataka wanachama wamfidie. Akaambiwa wanachama hawadaiwi zaidi ya ada yao. Aliyeisoma hukumu hiyo ni Lord Lindley, na huyu ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha sheria ya ubia ambacho mawakili wanakifungua mpaka leo. Mtu aliyeujua ubia kuliko wengi wa zama zake ndiye aliyesema kwamba klabu haimo. Kama mnajiuliza hukumu za Ulaya zinatuhusu nini, jibu ni kwamba Tanganyika iliipokea sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kesi zote mbili ziko nyuma ya tarehe hiyo.

Lakini msishangilie mapema, hasa ninyi mnaopenda vyeo. Mwenye duka aliyekosa kwa mwanachama wa kawaida hatakwenda nyumbani kulala. Atamfuata aliyeagiza, na wajumbe wa kamati waliomtuma. Mwaka 1943 Uingereza kulikuwa na chama cha wafugaji wa kuku, na mtumishi wake akafanya uzembe alipokuwa akiwapima kuku wa mfugaji mmoja, kuku wakadhurika. Mahakama ya Rufani ikawaacha wanachama mamia kwa mamia na kuwashika wajumbe wa kamati kuu, wale waliokuwa na usimamizi. Kwa hiyo mwenyekiti anayesaini hati ya mkopo "kwa niaba ya klabu" isiyo na kitu ajue kwamba amesaini kwa niaba yake na ya wenzake wa meza ile. Siku ya uchaguzi watu hupigania kiti bila kuuliza kiti kina nini chini yake.

Jambo la pili ni mgawo, na hapa nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana. Wabia wasipokubaliana vingine, sheria inawagawia faida sawa kwa sawa. Na hasara vilevile. Haijali nani alileta nini. Mmoja katoa milioni nane, mwenzake katoa milioni mbili na jasho lake. Mwisho wa mwaka kama hakuna makubaliano yoyote, nusu kwa nusu. Yule wa milioni nane hulia kwamba ameibiwa. Hakuibiwa, hakuandika. Sheria haikuwepo mlipokuwa mkikubaliana kwa macho. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na bado naona vijana wenye simu za bei ya ng'ombe wawili wakigawana fedha kwa kumbukumbu.

Kwenye klabu hakuna cha kugawana. Mali ni ya wanachama wote kwa pamoja kwa muda wote wawapo wanachama, na mkono wa mmoja hauwezi kukata kipande chake ukaondoka nacho. Waingereza wana kesi ya mwaka 1882 inayonichekesha mpaka leo. Meneja wa klabu moja alishtakiwa kwa kumwuzia mwanachama chupa za kileo bila leseni. Majaji wakasema hapakuwa na kuuza. Mwanachama alikuwa mmojawapo wa wenye chupa ile. Alichofanya kwa kutoa fedha ni kuwatoa wenzake katika haki yao juu yake. Mimi kileo sikitumii, lakini hoja hiyo ni tamu. Ila angalieni: kesi hiyo ilihusu klabu ambayo mali yake ni ya wanachama. Ipo klabu ya mtu binafsi, kama hizi jimu za mjini au klabu za muziki wa usiku zenye "wanachama." Humo mali ni ya mwenye klabu, faida ni yake, deni ni lake, na kadi yako ni risiti tu ya kuingia mlangoni. Ukimwambia "klabu yetu" atacheka kimoyomoyo.

Ukitoka kwenye klabu hutoki na kitu. Uwe umelipa ada miaka thelathini, ukiandika barua ya kujiuzulu umeacha viti, spika na kombe kabatini. Huwezi kuuza uanachama wako isipokuwa katiba iruhusu, na ukifa wanao hawarithi nafasi yako. Mbia akitoka, ni haki yake kuhesabiwa: mali iliyopo, toa madeni, sehemu yake apewe. Ndiyo maana ubia wa watu wawili waliopendana huchukua jioni moja kuanzishwa na miaka kuvunjwa.

Na kifo? Mbia akifa, ubia umevunjika, labda kama mlikubaliana vingine. Wajane wanakuja, msimamizi wa mirathi anakuja, vitabu vinafunguliwa. Klabu haijui kufa kwa namna hiyo. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905. Waliopiga ganuni na fidla siku zile wote wako makaburini. Mapinduzi yakaja mwaka 1964, Sultani akaondoka, na taarabu ile bado inapigwa. Klabu ya mpira ya Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936. Hakuna mtoto anayeweza kusimama leo akasema babu yangu alikuwa mwanzilishi, nipeni sehemu yangu ya jengo la Yanga pale Jangwani. Mtu mmoja akiingia na mwingine akitoka, kitu kinabaki kilekile. Kwa wabia, kuingia kwa mtu mpya kunataka wote waliopo wakubali. Kwa klabu, kamati inapitisha jina, wengine wanamjua siku ya mazoezi.

Hilo la mwanachama kutokuwa na sehemu yake ndilo pia lililofanya mabadiliko ya Simba yazue maneno mengi vibarazani. Wanachama walikubali mfumo wa hisa ambao wao wangebaki na asilimia 51 na mwekezaji angechukua asilimia 49. Wazee wa Simba pale Msimbazi waliokuwa wakiuliza "mimi hisa yangu iko wapi?" hawakuwa wajinga, ila walikuwa wakiuliza swali la mbia au la mwenye kampuni. Mwanachama wa klabu hakuwa na hisa tangu mwanzo. Alikuwa na kadi, kura, na haki ya kupiga kelele kwenye mkutano mkuu, ambayo kwa hakika waliitumia vizuri.

Kufukuzana nako kuna adabu zake. Wabia walio wengi hawawezi kumfukuza mmoja kwa kura tu, mpaka pawe na makubaliano ya wazi yanayowapa uwezo huo. Klabu inaweza kumfukuza mwanachama kama katiba inasema hivyo, lakini ifuate katiba hatua kwa hatua: aambiwe kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, aamuliwe na chombo kinachostahili. Kumtoa mtu kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku siyo kumfukuza uanachama. Nimesema hili mara nyingi kuliko mengine yote, na bado.

Mtaniuliza VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ni nini kati ya haya, kwa kuwa mwisho wa mzunguko wanagawana. Hao wametungiwa sheria yao, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayovitambua vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha katika daraja lake la nne. Wafuateni maofisa wa halmashauri, msiniulize mimi. Klabu ya michezo inasajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Jumuiya nyingine zinakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, Sura ya 337. Usajili ni jambo jema, ila usidhani kila cheti kinaigeuza klabu kuwa mtu anayeweza kumiliki na kushtaki kwa jina lake. Klabu isiyo na hadhi hiyo, ikitaka kushtaki, watu wake huomba ruhusa ya mahakama wachache wasimame kwa niaba ya wote, kwa Amri ya 1, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Nimeona kesi zenye haki kabisa zikitupwa kwa sababu jina la juu ya hati lilikuwa la kitu ambacho mbele ya sheria hakipo.

Nimeliacha la ardhi mwisho kwa sababu ndilo linaloniumiza. Kuna klabu moja, sitaitaja, ilichanga miaka mingi ikanunua kiwanja cha kujenga ukumbi. Hati ikaandikwa jina la mwenyekiti, maana alikuwa mwaminifu, na kwa kweli alikuwa mwaminifu. Akafariki. Wanawe walipofungua sanduku walikuta hati yenye jina la baba yao, na hawakuwa wezi walipoipeleka kwenye mirathi. Karatasi ndiyo iliyowaambia ni yao. Wazee wa klabu wakaja na madaftari ya michango yaliyoliwa na mchwa. Waliomjua marehemu walijua ukweli, lakini ukweli wa watu wanaojuana ni mgumu kuuingiza katika jalada. Kesi ilizeeka kuliko baadhi ya mashahidi.

Dawa ya hilo ipo na ni ya siku nyingi: Sheria ya Udhamini, Sura ya 318. Klabu inateua wadhamini, inapeleka katiba na maombi kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na bodi ya wadhamini ikisajiliwa inakuwa mtu mbele ya sheria, inamiliki ardhi kwa jina lake, inashtaki na kushtakiwa. Mdhamini akifa anateuliwa mwingine, hati inabaki palepale ilipo. Simba na Yanga zina bodi za namna hii. Klabu yenu ya mtaani inaweza kuwa nayo pia. Wanaokwama wengi hukwama kwa uvivu wa kuandika katiba, hasa kile kifungu cha mwisho ambacho hakuna anayependa kukijadili, kinachosema mali itakwenda kwa nani siku klabu ikivunjwa. Kifungu hicho kisipokuwepo, waliobaki uanachama siku hiyo ndio hugawana, na wakati mwingine waliobaki ni watatu.

Kama mna kiwanja, mna viti, au mna hata akaunti iliyoandikwa jina la mtu mmoja, itisheni mkutano mkuu mwezi huu. Andikeni ninyi ni klabu au wabia, nani anaruhusiwa kukopa na kwa kiasi gani, na mali ni ya nani. Kisha hati ihamishwe kwenda kwa wadhamini, na mwenyekiti aisaini angali hai.